Mafundo ya Marceline

Haya sikuyasikia kwa jirani. Ningependa sana iwe hivyo, maana jirani angesimulia, mimi ningecheka, tungeagana. Yalitokea nyumbani kwa kaka yangu, mchana kweupe, watu wakipita barabarani na mikungu ya ndizi kichwani. Viatu vilivyofungwa vilikuwa vyangu.

Naitwa Matata. Nimeendesha lori miaka thelathini na tatu: Kigoma, Kahama, Bukavu, Lubumbashi mara mbili, na mara moja Zambia kwa kupotea njia. Nina kitambi kinachoingia chumbani kabla yangu na mdomo unaoingia kabla ya kitambi. Harusini watu hunialika niwachekeshe. Misibani pia hunialika, ila huko huniomba nikae mwisho kabisa wa mkeka. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia, na kwa nini siku ile, nilipoanza kusema kweli, kaka yangu alidhani ni mzaha mwingine.

Ilikuwa Jumanne, mwaka ule mazuti, dizeli ya malori, yalipokuwa yakitafutwa kama dawa ya mgonjwa. Lori langu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya kaka siku ya tisa, tangi tupu, limekuwa kivuli cha mbuzi. Kaka yangu Houssein ni fundi cherehani. Duka lake liko mbele, nyuma kuna vyumba na ua, kwenye senta yetu ndogo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kabla hujafika Muyinga mjini, huku Burundi. Asubuhi hiyo tulikunywa chai ya tangawizi na maandazi. Redio ilikuwa ikiimba. Zuena, binti wa pekee wa Houssein, alikuwa amekaa kwenye mkeka upenuni na tumbo lake kubwa, akikata sare za shule.

Zuena ameolewa Gitega, kwa kijana mmoja anaitwa Uthmani, mchomeleaji vyuma. Alikuwa amekuja kwa baba yake kupumzika, zikiwa zimebaki wiki tatu ajifungue. Asubuhi hiyo alinichokoza kuhusu lori. Alisema kama halitembei tena, tufugie kuku ndani. Nikamwambia kuku wangeniheshimu kuliko yeye. Akacheka, akainama kuokota mkasi, akabaki ameinama vilevile. Maji yalikuwa yamemwagika juu ya kitambaa cha buluu cha watoto wa shule.

Pikipiki zote za senta zilikuwa kwenye foleni ya esansi, yaani petroli. Tulikuwa na machela na wanaume wa kuibeba mpaka hospitali ya mjini, lakini Mama Riziki alipofika na kumpima, alikataa. Mama Riziki ni Mkongo wa Uvira, anauza vitenge sokoni, na kwa miaka kumi na tano amepokea nusu ya watoto wa senta bila kujiita mkunga. Alisema kichwa kimeshuka, kilima ni kirefu, na hatazalisha mtu juu ya machela katikati ya shamba la mihogo.

"Bon," akasema. "Atazalia hapa. Maji ya moto, sabuni, wembe mpya. Wanaume, nje."

Chumba kilichokuwa karibu na jiko ndicho kilichokuwa na mwanga. Kaka yangu alikuwa amekifanya stoo ya vitambaa. Alisita mlangoni. Nilijua kwa nini, na mama yetu alijua, na hakuna aliyesema. Ni humo alimozaliwa Zuena mwenyewe mwaka wa tisini na sita, na ni humo mama yake alimofia siku hiyohiyo.

Tukatoa vitambaa. Pili, rafiki wa Zuena tangu shule ya msingi, akaja na shuka tatu na thermos. Wanawake wawili wa jirani wakachukua jiko. Mama yetu, Bi Kadidja, ambaye amevuka themanini na bado anatutukana kama watoto, akaketi mlangoni na tasbihi. Mpaka saa nne mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kuwatania watu kwamba mtoto akiwa wa kiume aitwe Mazuti.

Saa nne na nusu uchungu ukakata.

Uchungu haukatiki hivyo, Mama Riziki aliniambia baadaye. Unapungua, unarudi. Huu ulizimika kama taa. Kichwa kilikuwa kimeonekana, Pili alikiona kwa macho yake, nywele nyeusi zimelowa. Kisha kikarudi juu. Si kwamba kilikwama. Kilirudi, polepole, kama mtu anayevutwa miguu.

Walimsimamisha Zuena, wakamtembeza, wakamchuchumalisha, wakamnywesha uji wa moto. Ilipofika saa tano na nusu midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hapo Bi Kadidja akainuka. Akasema kuna kitu kimefungwa ndani ya nyumba, na kila kilichofungwa kifunguliwe, kila fundo, kila kufuli, kila kamba. Ndivyo ilivyofanywa kwa bibi yake, na kwa mama wa bibi yake.

Sasa fikiria nyumba ya fundi cherehani. Kufunga ndiyo kazi yake. Tulifungua magunia ya maharage, yakamwagika. Tulifungua masanduku, madirisha, kuku waliofungwa miguu. Tulitoa cherehani mbili nje na uzi wote, tukauweka kwenye beseni uani, usibaki hata mmoja ndani. Mbuzi walifunguliwa, wakaenda zao kwenye mihogo ya watu. Kamba za turubai la lori nilizifungua moja moja. Wanaume tuliambiwa tulegeze kamba za suruali, tukawa tumesimama uani, watu wazima wenye heshima zao, tumeshika suruali kwa mkono kama tunaosubiri choo. Nilivua viatu, nikafungua kamba zake, nikavivaa vimelegea. Ndani, Pili alifumua nywele za Zuena, mkia mmoja baada ya mwingine.

Nilisema mzaha fulani. Sikumbuki upi. Watu wawili walicheka.

Nikageuka, nikaona mbuzi. Wote watatu walikuwa wamerudi kwenye kigingi. Walikuwa wamefungwa.

Nilidhani ni jirani amewaleta kwa hasira ya mihogo yake. Nikaenda kuwafungua tena. Kamba ilikuwa imekazwa kiasi kwamba ngozi ya shingo imekunjamana, na mbuzi hawakulia. Walikuwa wakitazama dirisha la chumba kile, wote watatu, bila kutafuna.

Pili akatoka. Alikuja mpaka karibu yangu, uso umemkauka. Akanong'ona, akiniita ami kwa Kifaransa.

"Tonton. Nywele."

"Nywele gani?"

"Nimezifumua mi mwenyewe. Nimegeuka kuchukua maji. Zimesukwa."

Nikamwambia amechoka. Akatikisa kichwa. Akasema si kwamba zimesukwa tu. Zimesukwa zote pamoja, zikafungwa mwishoni, na Zuena anasema hakuhisi mkono wowote, ila alisikia baridi shingoni, kama mtu anayepumua akiwa kazini.

Nilitaka kumjibu kitu cha kumchekesha. Nikapiga hatua. Nikaanguka kifudifudi.

Viatu vyangu vilikuwa vimefungwa. Cha kulia na cha kushoto, kimoja kwa kingine. Nilikuwa nimevivaa muda wote.

Nililala pale chini, nikaliangalia lile fundo. Kamba ilikuwa imezungushwa mara tatu kwenda kushoto, kisha ncha ikarudishwa chini ya mizunguko, ikafichwa. Huioni ncha. Ukivuta, linakaza zaidi. Nililijua, kwa sababu mafundo ya namna hiyo nilikuwa nimeyaona kwenye kila kanzu na kila koti lililotoka duka la Houssein kuanzia mwaka wa tisini na mbili hadi tisini na sita. Hayakuwahi kufunguka. Watu walitoka hata mji wa Ngozi kuja kushonewa kwa ajili ya mafundo hayo, kwa sababu vifungo vyao vilibaki hata nguo ilipochakaa.

Marceline ndiye aliyeyafunga. Mke wa kaka yangu, mama wa Zuena.

Alitoka Bukirasazi, huko Gitega, binti wa wakulima. Alisilimu akaolewa, akapewa jina la Maryamu, lakini sisi sote tuliendelea kumwita Marceline, pamoja na mama yetu, ambaye alilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu. Alikaa pembeni ya cherehani ya kaka, akimalizia nguo. Alikuwa mkimya. Alifunga kwa mkono wa kushoto.

Nitakwambia na jambo jingine, ambalo sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka karibu thelathini. Lakini kwanza ngoja niseme yaliyotokea uani, maana yalinifungua mdomo.

Bi Kadidja alikuwa ameona mbuzi. Alikuwa amesikia habari ya nywele. Akatafuta mtu wa kumlaumu, na mgeni alikuwa mmoja tu. Akasimama mlangoni akasema Mkongo huyu ndiye mchawi, ndiye amemfunga mjukuu wake, atolewe. Wanawake wa jikoni wakaanza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona, wakasema kwa sauti. Mmoja akachukua mwiko.

Mama Riziki akatoka, mikono imelowa mpaka viwikoni. Hakuinua sauti.

"Mama, mi nilikuja hapa na sabuni na Mungu wangu. Kama iko mtu anafunga humu ndani, si mimi. Mais, lakini, nikitoka, huyu mtoto atakufa, na mama yake atamfuata kabla ya alasiri. Mnasikia? Basi mseme nitoke. Mseme wote, nisikie."

Hakuna aliyesema atoke, wala aliyesema abaki. Nilimtazama mama yangu, na hasira ikanipanda kutoka tumboni, na tumbo langu ni kubwa. Nilikumbuka kuwa aliwahi kusimama mlangoni hapo hapo, na tasbihi hiyo hiyo, akizuia mtu asitolewe kupelekwa alikotaka kuzalia. Leo alitaka kumtoa yule anayeokoa.

"Mama, nyamaza," nikasema.

Sijawahi kumwambia hivyo maishani. Hata yeye hakuamini.

"Anayefunga ni Marceline. Tazama kiatu changu. Houssein, njoo utazame, wewe unalijua."

Kaka akaja akiwa ameshika suruali yake. Akaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba siku ya leo nimwache, nitafute siku nyingine ya kuchekesha. Kisha akatazama chini. Akachuchumaa. Akaligusa lile fundo kwa kidole, kama mtu anavyogusa uso wa aliyelala.

Hapo nikasema yote, mbele ya wake za watu.

Mwaka wa tisini na sita nchi ilikuwa na vita na vikwazo, esansi inauzwa kwa chupa, amri ya kutotoka nje kuanzia magharibi. Mimi nilikuwa na lori na tangi limejaa, kwa sababu nilikuwa kijana mjanja. Wiki moja kabla ya kujifungua, Marceline alinijia hapo dukani. Aliniomba nimpeleke Bukirasazi azalie kwa mama yake. Alisema anaogopa. Bi Kadidja alikuwa amekwishakataa: mke wa nyumba hii anazalia katika nyumba hii, chini ya mkono wa mama mkwe, na hospitali ni ya wasio na watu. Mimi nilijibu, mbele ya wateja, kwamba lori langu halibebi mayai. Duka zima likacheka. Marceline naye akacheka, akakaza uzi aliokuwa nao mkononi.

Alikaa na uchungu siku mbili ndani ya chumba kile. Zuena alitoka mzima. Damu haikusimama. Alikufa kabla ya adhuhuri, na tulimzika siku hiyohiyo, haraka, tuwahi amri. Kaka alikuwa amezimia. Tuliteremka kaburini mimi na Athumani, mchimbaji wa makaburi. Tukamlaza kwenye mwanandani, ubavu wa kulia. Sanda ilikuwa imefungwa kama inavyofungwa: kichwani, kiunoni, miguuni. Na kila Mwislamu anajua, hata mlevi kama nilivyokuwa mimi, kwamba ukishamlaza maiti unayafungua yale mafundo. Humwachi mtu amefungwa.

Nilikuwa nimeshika fundo la kichwani risasi zilipolia kilimani. Karibu. Athumani akaruka nje. Nami nikaruka. Tukasukuma udongo kwa miguu, kwa mikono, tukakimbia. Hatukufungua hata moja. Usiku ule tuliapizana tusiseme. Tukasema kwamba Mungu anajua kulikuwa na vita.

"Mmemzika amefungwa," Houssein akasema.

"Ndiyo."

"Mke wangu."

"Ndiyo, kaka."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Alisimama, akamtazama mama yetu muda mrefu, akamwambia asimguse Mama Riziki, wala asiseme neno lingine ndani ya nyumba yake mpaka atakaporudi. Kisha akaniambia nivue viatu, nitangulie makaburini.

Tulimpitia Athumani. Ni mzee sasa, ana mgongo. Nilipomwambia tu, "Mzee, ni habari ya Marceline," alichukua jembe bila kuuliza. Njiani alisema amekuwa akiota kamba miaka yote hiyo.

Makaburi yetu yako nyuma ya mikaratusi, kwenye mteremko. Saa saba mchana. Jua kali, ndege kimya. Nyasi zilikuwa zimeota ndefu kila mahali, zinafika magotini, upepo unazilaza upande mmoja.

Isipokuwa kwenye kaburi moja. Pale nyasi hazikuyumba.

Tukasogea. Zilikuwa zimefungwa. Kila shungi na shungi la jirani yake, kuanzia kichwani mpaka miguuni, mamia. Mara tatu kwenda kushoto. Ncha zimefichwa. Nyingine zilikuwa za zamani, zimekauka, zina rangi ya kahawia na utando wa buibui. Nyingine zilikuwa mbichi, bado zinatoa maji ya kijani.

Athumani akaangusha jembe. Akasema hapa hapachimbwi.

Tukapiga magoti, wanaume watatu, tukaanza kufungua. Kwa kucha. Kwa meno. Nyasi zile zinakata. Vidole vikaanza kutoa damu. Nilimaliza upande wa kichwa. Nikahamia kiunoni. Nikasikia mlio mdogo nyuma yangu, kama kitambaa kinavyolia kinapokunjwa. Nikageuka.

Upande wa kichwa ulikuwa umefungwa tena.

Houssein alilia kwa sauti. Akaanza kumwambia mambo. Alimwambia kwamba alimsikia akiomba, siku ile dukani, na akaendelea kukanyaga cherehani. Kwamba alimwogopa mama yake kuliko alivyoogopa kifo cha mkewe. Alisema hivyo, mwanamume wa miaka sitini na miwili, mdomo kwenye udongo. Shungi lililokuwa mkononi mwake likalegea, likafunguka lenyewe.

Athumani akakiri kosa lake. Shungi lake nalo likafunguka.

Wakanitazama mimi. Na mimi, wallahi, nilitaka kutania. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza. Nikasikia ardhi chini ya magoti inakaza, kama turubai linapovutwa. Nyasi zikanishika vifundo vya miguu. Hazikunivuta. Zilinishika tu, zikazunguka. Mara moja. Mara mbili.

"Kiti kilikuwa wazi," nikasema.

Hazikuachia.

"Shemeji, sikuwa na mzigo wa kukuzuia. Kiti cha pembeni kilikuwa wazi mpaka Gitega. Nilipita njia ya Bukirasazi peke yangu, nikipiga mluzi. Nilikataa kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza na mimi nilitaka wacheke. Hakuna sababu nyingine. Uliiombea roho yako, mimi nikaifanya kichekesho."

Nikaweka kiganja juu ya udongo.

"Na kaburini niliogopa. Nilikuwa nimeshalishika fundo. Nilihitaji muda wa kuvuta pumzi moja tu. Nikakuacha."

Nilisema kwamba kama anataka kulipa, alipe kwangu, mtoto yule hana kosa, ni wake, ni damu yake inayokufa chumbani.

Upepo ukaja. Nyasi zote zikafunguka kwa pamoja, kuanzia miguuni kwenda kichwani, kwa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayechana jora la kitambaa. Zikayumba kama nyingine. Athumani alikuwa ameziba masikio.

Tulikimbia. Mimi na kitambi changu na miguu mitupu, tulimwacha Athumani nyuma. Watu barabarani walitupisha bila kusalimia. Tulikuwa bado hatujafika kwenye lori tuliposikia mtoto analia.

Pili alikuwa mlangoni, ameketi chini, amejikunyata. Alisema uchungu ulirudi wote mara moja, na nywele za Zuena zilimwagika mgongoni zenyewe, na mtoto akatoka kwa msukumo mmoja. Wa kike. Zuena anapumua, anaongea, anaomba maji. Damu imesimama.

"Basi unaogopa nini?" nikamuuliza.

Akaelekeza ndani kwa kidevu.

Mama Riziki alikuwa amesimama katikati ya chumba, wembe mkononi. Alisema mtoto alipotoka, aliona hana uzi wa kufunga kitovu. Nyumba nzima ya fundi, hakuna uzi hata wa dawa, sisi wenyewe tulikuwa tumeutupa nje. Akageuka mlangoni kuagiza. Alipogeuka tena, kitovu kilikuwa kimekwisha kufungwa, sehemu mbili, pazuri, kama pa daktari. Alidhani ni Pili. Pili alidhani ni yeye. Zuena alikuwa amefumba macho; alisema tu kwamba mikono iliyomgusa ilikuwa na udongo.

Mama yetu alikuwa pembeni, kwenye kona, uso ukutani. Hakugeuka tulipomwita. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa chini ya kidevu, fundo la kushoto, limekazwa mpaka taya haifunguki. Tulijaribu kwa vidole, haikuwezekana. Houssein alikikata kwa mkasi wa dukani, polepole, akitweta. Bi Kadidja alivuta pumzi, akatutazama. Tangu siku hiyo anasema salamu, anasema maji, anasema mkeka. Hajawahi kutoa amri tena. Sijui aliona nini. Sitaki kujua, na ukweli ni kwamba simwonei huruma inavyotakiwa; hasira yangu naye bado iko, na nyingine kubwa zaidi iko kwangu mwenyewe.

Wengine huniuliza ni mama gani anamfunga mwanawe. Huwajibu kwamba mtu aliyefungwa mikono, miguu na kichwa, na anaona mwanawe akilazwa chumba kilekile, atapiga kelele kwa kitu gani ila mafundo?

Houssein alinawa, akamchukua mtoto amwadhinie. Akamshika vizuri, akakaribia dirisha, akainamia sikio la kulia. Hakuanza. Nilimwona anatazama kitovu. Akaniita kwa kidole.

Kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha bafta, kitambaa cheupe cha sanda, upana wa kidole, la zamani, limekuwa jekundu kwa udongo wetu. Mizunguko mitatu kwenda kushoto. Ila safari hii ncha haikufichwa. Ilikuwa imeachwa nje.

"Bafta hakuwahi kulikata kwa mkasi," kaka akanong'ona. "Aliuma ukingo kwa meno, halafu anachana. Nilikuwa namgombeza, namwambia utavunja jino."

Akauchukua mkono wangu, akakiweka kidole changu kwenye ncha ya kitambaa. Kulikuwa na alama za meno, ndogondogo, zimepangana. Bafta lote lilikuwa kavu kama jani.

Pale penye meno palikuwa pamelowa mate. Yalikuwa bado ya vuguvugu.